Malipo ya vyuo vya Marekani na kodi: jina la pesa halikuokoi (uzi mrefu kwa wanafunzi na watafiti wetu)

Mzamivu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa ritani (fomu ya kodi ya kila mwaka) umefika tena, na kama kila mwaka simu yangu imejaa maswali ya vijana wetu walioko vyuoni Marekani. Mmoja kapokea fomu asiyojua ni ya nini. Mwingine kakuta deni kwenye akaunti yake ya chuo ilhali barua ya udahili ilisema kila kitu kimelipiwa. Mimi niko huku mwaka wa saba, nilianza na uzamili nikaendelea na uzamivu, na nadhani nimeshapokea karibu kila aina ya malipo ambayo chuo kinaweza kumpa mtu. Nimeona niandike mahali pamoja ili anayekuja nyuma asijikwae nilipojikwaa mimi.

Mwaka wangu wa kwanza barua ilisema "ufadhili kamili". Nikapiga simu nyumbani, mama akafanya sala ya shukrani. Novemba nikafungua akaunti ya chuo nikakuta nadaiwa dola mia kadhaa, pembeni pameandikwa kodi. Nikaenda ofisini, nikaambiwa nisome tovuti. Nilikopa kwa mwenzangu wa chumba nikalipa, maana mwenye deni hasajiliwi muhula unaofuata. Baadaye nilipoelewa sheria niligundua hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Nilichonyimwa ni maelezo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu dakika kumi za maelezo zingetosha.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. IRS, yaani mamlaka ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, haijali barua yako imeiita pesa hiyo skolashipu, feloshipu, posho, tuzo au msaada. Inataka kujua mambo matatu: pesa hiyo umeifanyia kazi? Kama hukuifanyia kazi, imelipia kitu gani? Na wewe mwenyewe, kwa macho ya kodi, ni mkaazi au si mkaazi? Ukishajibu hayo matatu, jina halina kazi tena.

Tuanze na kazi. Ukifundisha, ukisahihisha mitihani, ukiendesha maabara ya profesa, ukipanga vitabu maktaba au ukiosha vyombo bwaloni, unacholipwa ni mshahara, na mwezi wa kwanza wa mwaka unaofuata utaletewa Fomu W-2, taarifa ya mshahara wako na makato yake. Hata kama programu yenu inamlazimisha kila mwanafunzi wa uzamivu kufundisha ndipo ahitimu, malipo ya kufundisha huko yanabaki kuwa mshahara. Mahakama Kuu ya Marekani ililiweka wazi suala hili mwaka 1969 katika kesi ya Bingler na Johnson. Wahandisi wa maabara iliyoendeshwa na kampuni ya Westinghouse walipewa likizo ya kusomea uzamivu huku wakiendelea kupokea sehemu kubwa ya mishahara yao, kwa sharti la kurudi kazini angalau miaka miwili. Wakadai ni skolashipu. Mahakama ikakataa: pesa yenye sharti la utumishi ni ujira.

Pesa usiyoifanyia kazi ndiyo inayoingia kwenye kifungu cha 117 cha sheria ya kodi. Kama unasomea shahada, sehemu iliyolipia ada, michango ya lazima, na vitabu na vifaa ambavyo kila mwanafunzi wa somo hilo analazimika kuwa navyo, haina kodi. Sehemu iliyolipia chumba, chakula, nauli, au kompyuta uliyoipenda tu, inatozwa. Kabla ya mageuzi ya kodi ya mwaka 1986 hata fungu la malazi na chakula liliweza kusamehewa. Bunge lao likaufunga mlango huo, na ndipo wengi wetu tunapopata mshtuko. Ndiyo maana "ufadhili kamili" huja na kodi: chuo kimekulipia kitanda na sahani, na sheria inahesabu hicho ni kipato chako ingawa hujaishika senti mkononi.

Kuna kitu watafiti hawakijui. Gharama za utafiti wako, nauli ya kwenda uwandani, kumlipa mtu akuandikie mahojiano, hazimo kwenye orodha ya vitu vilivyosamehewa. Ukipewa feloshipu ya dola 6,000 kwenda kukusanya data ya tasnifu yako, kwa kawaida hiyo ni kipato chenye kodi. Nilipolisoma nilidhani nimekosea kusoma. Nililirudia mara tatu.

Na kama hausomei shahada, umekuja kwa kozi fupi au mafunzo tu, basi msamaha huu haukuhusu kabisa. Pesa yote ni kipato.

Kuhusu msamaha wa ada kwa wasaidizi wa kufundisha na wa utafiti: huo umesamehewa, asante kwa kifungu cha 117(d). Tuseme mshahara wako ni dola 30,000 na ada uliyofutiwa ni 50,000. Kodi inaangalia zile 30,000 tu. Mwaka 2017 muswada wa Baraza la Wawakilishi ulitaka kufuta msamaha huo, maana yake mtu angetozwa kama anayelipwa 80,000 wakati anakula mihogo. Wanafunzi wa uzamivu waliandamana vyuo vingi, na sheria iliyotiwa saini Desemba mwaka ule ikauacha kifungu kama kilivyo. Nawashukuru wale waliotoka barabarani kwenye baridi. Wengi wetu tunaishi kwa jasho lao.

Mkopo si kipato, hauna kodi unapoupokea. Tuzo, kama ushindi wa insha au shindano la ubunifu, ni kipato. Hata Nobel inatozwa tangu yale mageuzi ya 1986. Hapo sina la zaidi.

Maswali karibuni. Naandika kuhusu kodi ya serikali kuu. Majimbo yana yao. Texas na Florida hazina kodi ya mapato ya jimbo, California inayo na ni kali.

---

Mkimbiaji800

Mkuu ubarikiwe. Mimi nakimbia, niko hapa kwa skolashipu ya michezo, mita 800 na 1500. Kocha aliniambia nisiwe na wasiwasi, kila kitu kimelipwa. Mwezi uliopita nimeona dola 840 kwenye akaunti. Viza yangu ni F-1, ya mwanafunzi, nimeingia Agosti mwaka juzi. Je, hii ni kwa sababu ya michezo? Na wenzangu wazungu kwenye timu mbona hawana?

---

Mzamivu

Kaka, haihusiani na mbio. Skolashipu ya michezo inatazamwa kama skolashipu nyingine: ada imesamehewa, chumba na chakula vinatozwa. Tofauti yako na wenzako iko kwenye lile swali la tatu.

Wewe si mkaazi kikodi. Kwa asiye mkaazi mwenye viza ya F, J, M au Q, chuo kinalazimika kukata kodi ya zuio ya 14% kwenye sehemu ya skolashipu yenye kodi. Kwa kuwa chumba na chakula hukupewa kama fedha, hakuna mahali pa kukata, kwa hiyo chuo kinakulipia IRS kisha kinakuandikia deni. Dola 840 ni 14% ya 6,000, na 6,000 kwa muhula mmoja wa malazi na chakula inaelekea.

Wenzako Wamarekani hawakatwi kwenye chanzo. Wanatakiwa waingize kiasi hicho wenyewe kwenye ritani, na wengi wao hawafiki kwenye kodi kwa sababu wana punguzo la kawaida, yaani kiasi cha kipato kisichotozwa, ambalo kwa mwaka 2025 ni dola 15,750 kwa mtu asiye na ndoa. Wewe hilo punguzo huna. Wasio wakaazi hawalipati, isipokuwa wanafunzi kutoka India ambao mkataba wao umewapa.

Lakini sikiliza hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo pesa yenu inapopotea. Ile 14% ni zuio, si kodi ya mwisho. Kodi ya mwisho inahesabiwa kwa viwango vya kawaida unapojaza Fomu 1040-NR, ritani ya asiye mkaazi. Tuseme malazi na chakula mwaka mzima wa 2025 ni dola 12,000 na huna kipato kingine. Zuio ni 1,680. Kiwango cha 10% kinafika hadi dola 11,925, na kilichobaki kidogo kinaingia 12%. Kodi yako halisi inakuja kama dola 1,200. Kwa hiyo karibu dola 475 ni zako, na IRS haitakuletea mpaka uziombe.

Katikati ya Machi chuo kinatakiwa kiwe kimekupa Fomu 1042-S, taarifa ya kipato chako na zuio lililokatwa. Tafuta namba 16 kwenye kisanduku cha aina ya kipato, hiyo ndiyo ya skolashipu. Usiitupe. Vijana wengi wanaitupa kwa sababu haifanani na W-2 za wenzao.

---

Mkimbiaji800

Dah. Mwaka jana niliitupa.

---

Mzamivu

Omba nakala chuoni, wanayo. Na hata mwaka ambao hukuwa na kipato chochote ulitakiwa utume Fomu 8843, inayoeleza kwa nini siku zako Marekani hazihesabiwi. Tuma sasa pamoja na ritani.

---

BintiRufiji

Shukrani kaka Mzamivu. Naomba ufafanue hilo la mkaazi na asiye mkaazi, maana mimi nina F-1 na mwaka huu mfumo wa chuo umeniandika mkaazi. Sina kadi ya kijani, sijaomba chochote. Nimeogopa kweli. Niliingia tarehe 28 Desemba 2020, nipo uzamivu, na tangu Januari nalipwa na feloshipu badala ya kufundisha. Ajabu ni kwamba sasa sikatwi hata senti.

---

Mzamivu

Dada, usiogope. Ukaazi wa kodi na ukaazi wa uhamiaji ni vitu viwili. Viza yako haijaguswa.

Mwanafunzi wa F-1 anasamehewa kuhesabiwa siku zake kwa miaka 5 ya kalenda. Neno ni kalenda. Kipande chochote cha mwaka kinahesabika kuwa mwaka. Zile siku nne za mwisho wa Desemba 2020 zilikula mwaka mzima: 2020, 2021, 2022, 2023, 2024. Mwaka 2025 siku zako zikaanza kuhesabiwa, ukapitisha kiwango cha siku 183, ukawa mkaazi kikodi tangu tarehe 1 Januari 2025. Ungepanda ndege tarehe 2 Januari 2021 ungekuwa bado si mkaazi kwa mwaka 2025. Nimewaambia wadogo zangu wanaokuja: kama chuo kinaruhusu kuripoti mwanzoni mwa Januari, pigeni hesabu kabla ya kukata tiketi.

Mfumo wa chuo uko sahihi, na kuna mazuri na mazito. Zuri: sasa unajaza Fomu 1040 ya kawaida na unapata lile punguzo la 15,750. Zito: unatakiwa utangaze kipato cha duniani kote, ikiwemo pesa ya pango kama unapangisha nyumba huko nyumbani. Na akaunti zako zote za nje ya Marekani zikizidi dola 10,000 kwa jumla, hata kwa siku moja ya mwaka, unatakiwa uziripoti. Hiyo ni taarifa tu, si kodi, ila adhabu ya kutoripoti ni kubwa.

Sasa hilo la kutokatwa. Feloshipu ya mkaazi si mshahara, kwa hiyo chuo hakikati. Haina maana haina kodi! Ni wewe unayetakiwa uilipe kwa awamu nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari, kwa Fomu 1040-ES. Ukifika mwisho wa mwaka unadaiwa dola 1,000 au zaidi na hukulipa njiani, kuna faini. Nina rafiki aliyeona hundi yake imenenepa akamnunulia baba yake pikipiki. Aprili ilimkuta hana kitu. Fungua akaunti ya pembeni leo, kila posho ikiingia ondoa fungu, na usiliguse hata kwa msiba.

Na usitegemee chuo kukutumia fomu ya feloshipu hiyo. Kwa mkaazi hakilazimiki. Tunza barua zako na orodha ya malipo mwenyewe.

---

Mzee wa Daftari

Naongezea kwa dada: makato ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), ile 7.65%, hayahusu feloshipu maana si mshahara. Ukirudi kufundisha ukiwa bado umesajiliwa darasani, unaendelea kusamehewa kwa msamaha wa mwanafunzi anayefanya kazi chuoni kwake, hata kama umekuwa mkaazi. Ukishahitimu ukaingia kazini kwa kibali cha mafunzo, kwa hali yako ya ukaazi makato yanaanza.

---

Mzamivu

Sahihi kabisa, ahsante mzee. Na asiye mkaazi mwenye F-1 au J-1 hakatwi hiyo 7.65% kwa kazi inayoruhusiwa na viza yake, hata akiwa nje ya chuo kwa kibali cha mafunzo. Waajiri wengi hawajui hili. Ukikuta umekatwa, anza na mwajiri akurudishie; akishindwa, IRS ina Fomu 843. Kwa mshahara wa dola 50,000 unazungumzia zaidi ya dola 3,800. Si pesa ya kuacha kwa aibu ya kuuliza.

---

PetriNaDarubini

Habari zenu ndugu. Mimi nilimaliza uzamivu nyumbani, nikaja kama mtafiti kwa viza ya J-1 Septemba 2023. Januari 2025 mshahara ukapungua ghafla, makato mawili mapya. Nikadhani wamekosea. Sasa nasikia Julai nahamishiwa kwenye feloshipu, kiasi kilekile. Nifurahi au nihuzunike?

---

Mzamivu

Hawakukosea, ndugu yangu. Miaka 5 ni ya wanafunzi. Mtafiti wa J-1 ana miaka 2 tu ya kalenda kati ya 6. Kwako 2023 na 2024 zimekwisha, tarehe 1 Januari 2025 ukaingia ukaazi, na 7.65% ikaanza.

Ukihamia feloshipu hiyo 7.65% itaondoka, kwa hiyo mkononi utabaki na zaidi. Lakini kodi ya mapato utailipa mwenyewe kwa zile tarehe nne, na huenda ukapoteza mchango wa pensheni wa mwajiri. Kabla ya Julai waulize utumishi maswali mawili kwa maandishi: bima ya afya inabaki vilevile? Na mchango wa pensheni? Kwa wengine mabadiliko hayo yamewagharimu zaidi ya walichookoa kwenye makato.

---

Mbeya Kijani

Mimi nina dukuduku. Chumbani kwetu tuko watatu. Mchina, Mmisri na mimi Mtanzania. Kazi moja, maabara moja. Mchina kaambiwa dola 5,000 za kwanza za mshahara wake hazina kodi, mimi natozwa tangu dola ya kwanza. Huu si ubaguzi?

---

Mzamivu

Ni mkataba. China ina mkataba wa kodi na Marekani, na kifungu cha 20 kinampa mwanafunzi hizo 5,000. Misri nayo ina mkataba wake, mwambie mwenzako ausome. Barani Afrika wenye mikataba ni wachache: Misri, Morocco, Tunisia, Afrika Kusini. Tanzania hatuna. Kenya haina. Uganda haina.

Nakiri hili linanikera. Mkataba husainiwa na serikali, na mtoto wa mkulima anayefundisha hesabu kwa Wamarekani ndiye anayelipia ukosefu wake. Waheshimiwa wanaopita humu kimyakimya, na tunajua mnapita, hili ni la kulipeleka mezani.

Kwa mwenye mkataba: haujiwashi wenyewe. Kwa skolashipu unajaza W-8BEN, kwa mshahara Fomu 8233, na unaipeleka ofisi ya malipo ya chuo.

---

Mhadhiri Mstaafu

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mimi niko Dar es Salaam. Chuo kimoja cha Marekani kimenialika nitoe mihadhara miwili kwa mtandao, na mwezi wa kumi nisafiri kwenda huko kwa siku nne. Wanasema watanilipa honoraria, yaani malipo ya mhadhara, na kunirudishia nauli. Nielekezeni kabla sijasaini.

---

Mzamivu

Shikamoo mzee wangu. Hongera kwa mwaliko.

Mihadhara ya mtandao utaitoa ukiwa umekaa Dar es Salaam, na kwa sheria ya Marekani kipato cha kazi ni cha mahali kazi ilipofanyika. Kwa hiyo hicho si kipato cha Marekani na hawapaswi kukukata. Ofisi nyingine hukata 30% kwa mazoea. Waombe waandike kwenye mkataba kwamba huduma inatolewa nje ya Marekani, na tarehe zake. TRA ni upande mwingine, maana mkaazi wa Tanzania anatozwa kwa kipato cha popote.

Zile siku nne ni tofauti. Honoraria ya kazi uliyofanya kwenye ardhi yao itakatwa zuio la 30%, na unaweza kudai sehemu irudishwe kwa 1040-NR. Kama utaingia kwa viza ya mgeni ya B-1, wana kanuni wanayoiita tisa-tano-sita: shughuli isizidi siku 9 katika chuo kimoja, na usiwe umelipwa na vyuo zaidi ya 5 katika miezi 6 iliyopita. Siku nne ziko salama.

Nauli na hoteli wakikurudishia kwa risiti, hakuna kodi. Ila utunze risiti halisi, mzee, na upeleke ndani ya siku 60. Wakikupa pesa ya mkupuo, kwamba "hii ya safari, jipange mwenyewe", bila risiti, inageuka kipato na inakatwa kama honoraria. Mimi ningekataa mkupuo na kuomba walipe tiketi wenyewe moja kwa moja.

---

Mhadhiri Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo la mkupuo ndilo walilopendekeza. Nitawaandikia leo.

---

Mzee wa Daftari

Jambo moja limesahaulika na linaleta kesi. Vijana wengi wasio wakaazi wanajaza ritani kwa programu za bure za wakaazi, zinawauliza kuhusu Fomu 1098-T ya ada, wanabonyeza ndiyo, wanapewa nafuu ya kodi ya elimu mpaka dola 2,500. Asiye mkaazi haruhusiwi kuichukua, labda kama ana mwenzi Mmarekani au mkaazi na wamejaza pamoja. IRS ikigundua unarudisha, na riba juu. Halafu siku unaomba kadi ya kijani unaulizwa kwa nini ulitangaza wewe ni mkaazi.

---

Mzamivu

Wazee hawakosi. Aliyekwisha kufanya hivyo arekebishe kwa Fomu 1040-X mwenyewe kabla hajaandikiwa barua. Nimesaidia wanne kufanya hivyo, wote walilipa wakalala usingizi.

---

Kijana wa Kahama

Mkuu nina aibu kuandika. Nilianza Agosti 2022. Kila mwaka chuo kinakata 14% ya malazi. Sijawahi kujaza ritani hata moja. Nilidhani wakishakata wamemalizana na mimi. Nimechelewa?

---

Mzamivu

Usione aibu, nusu ya wanaosoma hapa wako kama wewe. Madai ya kurudishiwa yana miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya kujaza. Kwa mwaka 2022, mtu mwenye 1042-S tu bila mshahara tarehe yake ilikuwa 15 Juni 2023, kwa hiyo mlango unafungwa 15 Juni 2026. Mimi nisingeusogelea mlango huo. Tuma kabla ya 15 Aprili.

Omba 1042-S zote. Kila mwaka una 1040-NR yake na 8843 yake, na viwango vya mwaka husika, usichukue vya mwaka huu ukavipeleka 2022. Chapisha, saini kwa kalamu, na kila mwaka bahasha yake. Ukichanganya miaka kwenye bahasha moja kuna hatari karani akafungua wa juu tu.

---

Kijana wa Kahama

Nimerudi. Wamenipa nakala zote. Ya 2022 ilikuwa muhula mmoja, dola 4,000, walikata 560. Kodi yenyewe imekuja kama 400. Kwa hiyo 160 ni zangu, na ile ya 2023 na 2024 ni zaidi, kila mwaka zaidi ya mia nne.

Bahasha ziko nne mezani. Ya 2022 nimeiandikia anwani kwanza. Posta wanafungua saa mbili asubuhi.